Sikio na Mkono: Mazungumzo na Vijana wa Kariobangi Kuhusu NIS, Ugaidi na Haki Zetu



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa Kariobangi. Wengi wenu mlikuwa kazini Light Industries siku hiyo, wengine mlikwama kwenye jam ya Outering, mkaomba tuyaweke hapa. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema, kwa hiyo usishangae ukiona nazunguka kidogo.

Nianze na mtaa wenyewe. Tarehe 3 Machi 2002, usiku, kundi kubwa la Mungiki liliingia Kariobangi North na mapanga na mashoka. Zaidi ya watu 20 waliuawa. Baadhi yenu hamkuwa mmezaliwa, lakini uliza mathe wako, atakuonyesha nyumba ambazo watu walitolewa. Mungiki walikuwa wanalipiza kisasi kwa kundi lingine la mtaa. Sasa sikia kundi hilo lilijiitaje: Taliban. Halikuwa na uhusiano wowote na Uislamu. Walikuwa vijana wa mtaa, wengi wao Wajaluo, waliochukua jina la kutisha kutoka kwenye habari za wakati ule. Hata hivyo, jina tu lilitosha kumfanya mtu wa mbali afikiri Kariobangi kuna vita vya dini.

Swali langu ni hili: nani alijua kwamba ule ugomvi unaiva? Anayeuza chai stejini alijua. Makanga alijua. Mwenye nyumba aliyekuwa akilipishwa pesa ya ulinzi alijua. Habari ilikuwepo mtaani, tena nyingi. Haikumfikia mtu wa kuifanyia kazi kwa wakati, au ilifika ikalaliwa. Serikali ilikuja baadaye, ikapiga marufuku makundi 18 kwa mpigo, Mungiki na Taliban yakiwemo, kana kwamba kundi kama lile husoma gazeti rasmi la serikali kabla ya kunoa panga.

Halafu ikaja sehemu ya pili ya hadithi. Mwaka 2007 polisi waliwageukia vijana walioshukiwa kuwa Mungiki. Hawakuwapeleka kortini. Mwaka 2008 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilitoa ripoti iliyohusisha polisi na mauaji na kupotea kwa vijana wapatao 500. Philip Alston wa Umoja wa Mataifa alikuja Februari 2009 akasema wazi kwamba vikosi vya mauaji vipo. Mwezi uliofuata Oscar King'ara na Paul Oulu, ambao shirika lao lilikuwa likikusanya ushahidi wa mambo hayo, walipigwa risasi ndani ya gari jijini Nairobi.

Vijana wale hawakuwa Waislamu. Nalisema hili makusudi, kwa sababu kuna mtu hapa anaamini kwamba kubebwa na gari lisilo na namba ni shida ya Eastleigh, Majengo na Mombasa peke yake. Mashine ni ile ile. Inabadilisha tu jina la mteja.

Sasa tuelewane kuhusu maneno. Ujasusi ni kazi ya sikio: kusikia, kuunganisha habari, kumwambia mwenye mamlaka kabla jambo halijatokea. Kukamata ni kazi ya mkono. Mkono ni polisi, na polisi wana OB, wana seli inayojulikana iko wapi, na wana hakimu anayewasubiri kesho yake. Matatizo yetu mengi yametoka pale sikio na mkono vilipowekwa kwa mtu mmoja asiyeulizwa na yeyote.

Tulirithi hivyo kutoka kwa Mwingereza. Special Branch ilikuwa tawi la polisi la kuwafuatilia waliodai uhuru. Uhuru ukaja, tawi likabaki, wateja wakabadilika. Katika miaka ya 1980, wakati wa msako wa Mwakenya, wahadhiri, wanafunzi na wanasiasa walishushwa chini ya Nyayo House, katika vyumba vilivyojazwa maji, wakateswa hadi wakiri. Ni lile jengo ambalo mtu alikuwa akienda kupigia foleni ya pasipoti. Waliosikiliza, waliokamata na waliotesa walikuwa ofisi moja.

Mageuzi ya kwanza ya maana yalikuja na sheria ya mwaka 1998 iliyounda NSIS. Ujasusi ulitolewa kwenye polisi, na mamlaka ya kukamata yakaondolewa. Wenye kazi hiyo wakabaki na sikio. Katiba ya 2010 ikaipa idara jina la NIS, ikasema katika ibara ya 238 kwamba usalama wa taifa lazima ufuatwe kwa kutii sheria na haki za binadamu. Sheria ya NIS ya 2012 ikafuata.

Mtu asiniambie kwamba tishio lenyewe halikuwepo. Mwaka ule ule wa 1998, tarehe 7 Agosti, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 katikati ya jiji, na karibu wote walikuwa Wakenya waliokuwa wakienda zao kazini. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wenu. DusitD2, Januari 2019, watu 21. Waliofanya haya walitumia jina la dini yetu, na baadhi yao walitoka mitaa kama hii. Anayejidai ni njama tu ya kutuchafua anawadharau wale waliozikwa, na anawaachia mlango wazi wanaokuja kuwinda wadogo zetu kwenye simu zao.

Kwa hiyo nataka ujasusi unaofanya kazi. Nataka sikio lisikie. Malalamiko yangu ni kwamba kwa miaka mingi limezibwa na wenyewe.

Chukua mwaka 2007. Baada ya jeshi la Ethiopia kuingia Somalia, watu zaidi ya 150 waliokuwa wakikimbia walikamatwa mpakani na ndani ya Kenya, wakiwemo wanawake na watoto. Makumi yao walipakiwa kwenye ndege usiku, wakapelekwa Somalia kisha Ethiopia, bila hakimu kuwaona. Mwezi Februari mwaka huo huo Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kupinga watu kutoweshwa kwa nguvu, na ndege zilikuwa bado zinaruka. Mpaka leo mkataba huo haujaridhiwa. Mwezi huo wa Februari pia alikamatwa Mombasa Mohamed Abdulmalik Bajabu. Akakabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa Guantánamo. Alirudishwa nyumbani Disemba 2024. Karibu miaka 18, na hakuna mashtaka hata moja yaliyowahi kusomwa. Kama alikuwa na hatia, hatutajua. Kama hakuwa nayo, nani atamlipa?

Au chukua Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch. Eastleigh na mitaa ya jirani ilizingirwa, watu wapatao 4,000 wakakusanywa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, iliandika kuhusu watu waliozidishiwa masaa kizuizini na kuhusu hongo. Eastleigh walikuwa na utani wao mchungu: polisi wameigeuza mitaa kuwa ATM. Nilikumbuka utani huo miezi miwili baadaye, Juni, Mpeketoni iliposhambuliwa na zaidi ya watu 60 kuuawa. Novemba ikawa basi la Mandera, watu 28. Disemba machimbo ya mawe, Mandera tena, watu 36. Aprili iliyofuata Garissa. Sisemi operesheni ile ndiyo iliyoleta mashambulizi haya. Nasema kwamba watu 4,000 walikusanywa na hayakuzuilika.

Na Garissa ndiyo inayouma zaidi, maana safari hii sikio lilisikia. Siku kadhaa kabla ya shambulio, vyuo vikuu Nairobi vilibandika tangazo kuwaonya wanafunzi kwamba al-Shabaab wanapanga kushambulia chuo. Habari ilikuwepo. Askari wa kutosha hawakuwepo, na kikosi maalum kutoka Nairobi kilichelewa masaa mengi. Tusidanganyike kwamba kila shambulio linapita kwa sababu majasusi wamekosa mamlaka. Mamlaka wanayo. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kujibu kwa nini ripoti ilikaa mezani.

Baada ya Garissa serikali ilifanya jambo moja la busara. Waziri Joseph Nkaissery alitangaza msamaha wa siku 10: vijana waliokwenda Somalia warudi, wajisalimishe, hawataadhibiwa. Vizuri kabisa. Lakini fikiria wewe ndiye mzazi. Mwanao amepiga simu usiku, analia, anataka kurudi. Utampeleka kituoni? Wakati huo ilikuwa imepita mwaka mmoja tangu Sheikh Makaburi apigwe risasi nje ya mahakama ya Shanzu, na wauaji hawakupatikana. Aboud Rogo aliuawa Agosti 2012 na mke wake yumo garini, na hapo pia hakuna aliyehukumiwa. Mahubiri yao unaweza kuyakataa kabisa, mimi nayakataa. Bado mzazi yule anahesabu. Anaona mtu aliyetakiwa na serikali huishia wapi, anamwambia mtoto akae huko huko kwanza.

Hapo ndipo ujasusi unapokufa, kwenye simu ya mzazi huyo. Yeye ndiye angesema kijana alichukuliwa na nani, alipitia njia gani, nani alimlipia nauli. Hakuna mtambo wa kusikiliza simu unaoweza kununua kitu hicho.

New York walijaribu njia nyingine. Baada ya 2001 polisi wa jiji hilo waliunda kitengo cha kuwapeleleza Waislamu: misikiti, mikahawa, vikundi vya wanafunzi, nani anakula wapi na anaongea lugha gani. Mwaka 2012 afisa wao mkubwa, Thomas Galati, alihojiwa chini ya kiapo. Akakiri kwamba kwa miaka 6 aliyokuwa akisimamia, kitengo kile hakikuzaa hata fununu moja iliyoanzisha uchunguzi wa ugaidi. Hata moja. Kilifungwa mwaka 2014. Nasi Waislamu tusiulizwe kwa nini hatupendi jambo hili. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na katika sura hiyo hiyo tumeamrishwa kuihakikisha habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla hatujawadhuru watu. Informa anayelipwa kwa kila jina analoleta ataleta majina. Anaweza kuleta la jirani anayemdai.

Njia ya sheria inawezekana, na inafanya kazi. Kesi ya Westgate ilichukua miaka 7, lakini Oktoba 2020 watu wawili walipatikana na hatia na wakafungwa. Kesi ya DusitD2 iliisha mwaka 2025, wawili wakapewa miaka 30 kila mmoja. Mashahidi walisikizwa, rekodi za simu na pesa zikaletwa, kila mtu akaona. Sasa sikia upande wa pili. Mshtakiwa mmoja wa Westgate mahakama ilimwachilia huru, na muda mfupi baada ya kutoka akatekwa na watu wasiojulikana. Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, mfungwa mwingine aliyemaliza kifungo chake Kamiti kwa kosa la ugaidi alitoweka siku ile ile aliyotoka, na wakili wake, Profesa Hassan Nandwa, akatoweka naye. Wakili alipatikana zaidi ya wiki moja baadaye. Kama hukumu ya jaji haimlindi aliyeachiliwa, na kifungo kikiisha hakiishi, mtu atakubali vipi kwenda kutoa ushahidi?

Nije kwenye sheria, maana tukilalama bila kuijua tutabaki tukipiga kelele tu.

Disemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Usalama katika kikao cha ngumi na maji kumwagiwa. Ndani yake, pamoja na mengine, afisa wa NIS alirudishiwa uwezo wa kumzuia mtu anayemkuta akitenda kosa kubwa, kisha amkabidhi kwa polisi. Yaani mkono, hata kama ni wa muda mfupi, ulianza kurudi. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu 8 vya sheria ile, vikiwemo vya kubana vyombo vya habari na kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Tulishangilia. Wachache walisoma hadi mwisho: vifungu vya kusikiliza mawasiliano mahakama iliviacha, ikiona vita dhidi ya ugaidi ni sababu inayotosha kuingia faragha ya mtu, ilimradi pawe na usimamizi.

Usimamizi huo ndio wa kuulizia. NIS ina bodi yake ya malalamiko, imo kwenye sheria ya 2012. Nilipouliza ukumbini nani amewahi kuisikia, mkono mmoja ulinyanyuka, naye ni mwanafunzi wa sheria. Wengi hudhani IPOA inatosha. IPOA ni ya polisi. Ukibebwa na watu wasiovaa sare, wasiosema wametoka ofisi gani, polisi watasema si wetu, wengine watakaa kimya, na faili yako itakosa meza ya kuwekwa.

Kwa hiyo mageuzi ninayoyataka si ya kuivunja NIS. Sikio libaki sikio, na kile kifungu cha 2014 cha kuzuia watu kiondolewe. Anayekuja kukamata avae kitambulisho, gari liwe na namba, na kituo unachopelekwa kitajwe palepale. Bodi ya malalamiko ipewe wachunguzi wake, ofisi inayojulikana na ripoti ya kila mwaka tunayoweza kuisoma. Na Bunge litunge kosa la kumtowesha mtu, kwa sababu mpaka sasa halimo kwenye sheria zetu kwa jina hilo. Familia hulazimika kushtaki utekaji wa kawaida, kana kwamba ni wezi wa simu.

Kuna moja nimeiazima Afrika Kusini. Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya huko, katika kesi ya waandishi wa amaBhungane, ilisema sheria ya kusikiliza simu ina kasoro, mojawapo kwamba anayesikilizwa haambiwi kamwe. Si lazima aambiwe uchunguzi ukiendelea, hilo lingekuwa ujinga. Ukiisha na hakuna hatari tena, aambiwe, ili kama hati ilipatikana kwa uongo aende mahakamani. Afisa anayejua kwamba siku moja utaambiwa ataandika ombi lake kwa uangalifu zaidi. Hapa kwetu unaweza kusikilizwa miaka mitano na ufe bila kujua.

Mnaona haya ni makubwa, ya watu wa suti. Hapana. Kariobangi North iko eneo bunge la Embakasi North, Kariobangi South iko Embakasi West. Hao ni wabunge wawili wanaokuja hapa kuomba kura. Bajeti ya ujasusi inapita mikononi mwao kila Juni. Waulize kwa barua, si kwa kelele za mkutano: bodi ya malalamiko ya NIS ilipokea malalamiko mangapi mwaka jana, na mangapi yalijibiwa? Mkataba wa 2007 utaridhiwa lini? Barua yenye sahihi za vijana 200 wa mtaa mmoja ni ngumu kuitupa, hasa kukiwa na nakala kwenye simu zenu.

Na kama mtu wenu amebebwa leo usiku? Usikae ukingoja arudi. Ibara ya 49 inasema aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya masaa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa masaa hayo yataisha korti imefungwa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Kwenye kesi za ugaidi polisi huomba siku zaidi za kumshikilia, mara nyingi Mahakama ya Kahawa, lakini lazima waombe mbele ya hakimu na yeye akiwepo. Wakisema hawako naye, wakili aende Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus. Haki hiyo ibara ya 25 imesema haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ugaidi.

Usiseme haisaidii. Agosti 2024 ndugu wawili wa Kitengela, Jamil na Aslam Longton, pamoja na mwanaharakati Bob Njagi, walibebwa. Mawakili wakaenda kortini. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aje aeleze. Hakuja, tena na tena. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu miezi 6 jela kwa kudharau mahakama. Tarehe 20 Septemba watatu hao wakaachiliwa wakiwa hai. Adhabu ya Masengeli iliondolewa baadaye alipofika mahakamani, na wapo waliokasirika. Mimi niliangalia wale watatu wamerudi kwao.

Ombi kama hilo linahitaji vitu vya kushika. Kwa hiyo andika saa. Andika rangi ya gari na namba, hata ikiwa imefunikwa nusu. Andika walivaa nini, walisema lugha gani, walimwita kwa jina gani. Usifute meseji za mwisho. Mwenye duka mwenye kamera, mwendee usiku huo huo, maana picha nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Nenda kituo cha polisi cha karibu mkiwa wawili au watatu, dai nambari ya OB. Wakikataa kuandika, andika jina la aliyekataa na saa. Halafu mtumie wakili na ututumie sisi, hata ikiwa saa nane usiku. Simu inapokelewa.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.